Jaribio la Kwanza la Ndege-Mfano ya Mota Mbili za Umeme: Maandalizi, Hatari na Lugha ya Uwanjani

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa tahadhari kabla ya athari. Makala haya yananuia kueleza namna ndege-mfano yenye mota mbili za umeme, inayoongozwa kutoka ardhini kwa mawimbi ya redio, inavyojaribiwa angani kwa mara ya kwanza. Huenda msomaji akajiuliza ni kwa nini mada ya aina hii imeletwa katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Sababu ni mbili. Kwanza, husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakitoshi kuelezea ufundi wa kisasa, na njia bora ya kulipima dai hilo ni kuuchukua ufundi mmoja na kuueleza hatua kwa hatua. Pili, katika urushaji wa ndege hii, neno linalotamkwa uwanjani linaweza kuiokoa ndege au kuiangusha. Mwanaisimu, kwa hiyo, ana kazi hapa sawa na fundi.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba hatari kubwa ya ndege ya mota mbili ni mota moja kuzimika ilhali nyingine inaendelea kufanya kazi. Dawa ya hatari hiyo ni kupunguza nguvu, jambo ambalo ni kinyume cha kile ambacho moyo wa mrushaji humwambia afanye. Kwa kuwa hakuna muda wa kutafakari ndege ikiwa angani, dawa hii sharti iandaliwe ardhini.

Usuli Mfupi

Ndege-mfano hutii kanuni zile zile za hewa zinazotawala ndege zinazobeba abiria, hata kama mabawa yake ni ya mita moja na ushei. Kwa miaka mingi ndege hizi ziliendeshwa kwa injini ndogo za mafuta. Mnamo Juni 1957, nchini Uingereza, Kanali H. J. Taplin alirusha ndege-mfano ya umeme iliyoongozwa kwa redio, na safari hiyo hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake kuwekwa katika kumbukumbu. Huko Ujerumani, Fred Militky alijishughulisha kwa miaka mingi na ndege-mfano za umeme, kisha akashiriki katika kuunda ndege ya umeme iliyombeba mwanadamu nchini Austria mwaka wa 1973. Mfano huu unaonyesha kwamba jambo lililojaribiwa kwa udogo liliweza kukua na kubeba uhai wa mtu.

Katika eneo letu pia, ndege za umeme zisizo na rubani si hadithi tena. Tangu mwaka wa 2016, kampuni ya Zipline imekuwa ikipeleka damu katika hospitali za Rwanda kwa kutumia ndege za namna hiyo. Bila shaka vijana wetu watazidi kuhitajika kuunda, kujaribu na kukarabati vyombo vya aina hii, na ni vyema wawe na lugha ya kufanyia kazi hiyo.

Sehemu za Ndege na Majina Yake

Kabla ya kuendelea, ni muhimu tufafanue istilahi tutakazozitumia. Tunatofautisha injini na mota: injini huchoma mafuta, mota huzungushwa na umeme. Kila mota huzungusha rafadha, yaani mapanga yanayoisukuma hewa nyuma na kuivuta ndege mbele. Kati ya betri na mota kuna kidhibiti kasi, kifaa kinachoamua mota ipate umeme kiasi gani. Mrushaji hushika rimoti yenye vijiti viwili. Kimojawapo, ambacho tutakiita kijiti cha nguvu, huongeza au kupunguza mzunguko wa mota. Amri za rimoti hupokelewa na kipokezi kilichomo ndani ya kiwiliwili cha ndege, nacho huziamuru mota ndogo ziitwazo sevo zisogeze vibao.

Vibao hivyo ni vya aina tatu. Vibao vya mabawa huilaza ndege upande mmoja au mwingine. Kibao cha mlalo cha mkia huinua na kushusha pua. Kibao cha wima cha mkia, ambacho tutakiita usukani kama ule wa chombo cha baharini, huigeuza pua kushoto au kulia.

Kwa mfano wetu, tuchukue ndege iliyoumbwa kwa povu gumu, yenye mabawa ya mita 1.4 na uzito wa kilo 1.5. Twinstar ya kampuni ya Multiplex ya Ujerumani ni ya kundi hili. Ndege kama hii hustahimili mapigo madogo, na povu likivunjika hugundishwa kwa gundi.

Mota Mbili: Faida na Tatizo

Mtu angedhani kwamba mota mbili ni usalama maradufu, kwamba moja ikizimika nyingine itaikokota ndege hadi nyumbani. Dhana hiyo ina ukweli nusu tu. Mota hizi hazikai katikati ya ndege bali juu ya mabawa, moja kushoto na nyingine kulia. Zikivuta kwa nguvu sawa, ndege huenda moja kwa moja. Moja ikizimika, usawa huo huvunjika papo hapo.

Fikiria mkokoteni unaosukumwa na watu wawili, mmoja akiwa kushoto na mwenzake kulia. Aliye kulia akijikwaa na kuachilia, na aliye kushoto akaendelea kusukuma kwa nguvu zake zote, mkokoteni utageuka kulia, upande wa yule aliyeachilia. Kadiri aliyebaki anavyosukuma kwa bidii, ndivyo mkokoteni unavyozidi kupinda. Mtu mwenye busara angemwambia apunguze kusukuma.

Ndivyo ilivyo kwa ndege, isipokuwa ndege haina ardhi ya kuishikilia. Pua inapogeuka kuelekea mota iliyozimika, bawa la upande wa pili hukimbia zaidi hewani na kupata nguvu kubwa ya kuinua, ilhali bawa la upande uliozimika hupungukiwa. Ndege hulala upande huo. Mwendo ukiwa mdogo, bawa lililopungukiwa huacha kubeba kabisa, nayo ndege huanguka ikizunguka kama pia.

Usukani unaweza kuizuia hali hii, lakini uwezo wake hutegemea mwendo. Nguvu ya hewa kwenye kibao hubadilika kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukipungua kwa nusu, nguvu ya usukani hubaki robo. Kwa hiyo, ndege inayopaa polepole huku mota zikiwa na nguvu zote ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa maana msukumo wa upande mmoja ni mkubwa na usukani ni dhaifu. Hapo hakuna njia ya haraka kuliko kukiteremsha kijiti cha nguvu. Nguvu ikiondolewa, chanzo cha kupinda huondoka, nayo ndege huwa kama tiara nzito inayoteremka kwa utulivu.

Maandalizi ya Ardhini

Mota moja huzimika kwa sababu ambazo nyingi zinaweza kugunduliwa mezani. Jambo la kwanza ni kuondoa rafadha kabla ya majaribio ya ndani. Rafadha ndogo inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika hukata vidole bila huruma, na mota za umeme zinaweza kuanza ghafla pasipo mlio wa kuonya.

Pili, vidhibiti kasi viwili vifundishwe kiwango kimoja cha kijiti cha nguvu. Visipofundishwa pamoja, mota moja itaanza mapema kuliko nyingine na ndege itapinda tangu ikiwa ardhini. Tatu, ukaguliwe mwelekeo wa mizunguko. Mota ya kisasa isiyo na brashi huwa na nyaya tatu. Ukibadilishana nyaya mbili zozote, mota huzunguka kinyume. Warushaji wengi hupendelea rafadha zizunguke pande kinyume ili mpindo wa moja uufute mpindo wa nyingine, mradi kila mota iwe na rafadha inayofaa mwelekeo wake.

Nne, kuna suala la umeme wa kipokezi. Vidhibiti kasi vingi hutoa umeme mdogo wa kukilisha kipokezi na sevo. Vikiwa viwili na vyote vikilisha kipokezi kimoja, vinaweza kushindana na kuharibika. Fundi mwangalifu huutoa waya mwekundu wa kidhibiti kimoja kwenye kiunganishi chake na kuufunika, ili kipokezi kilishwe na kimoja tu.

Tano, na hapa pana mtego ambao wengi hawauoni, ni betri. Kidhibiti kasi hukata nguvu ya mota betri inapokaribia kuisha ili betri isiharibike. Ndege ikiwa na betri mbili, kila moja ikilisha mota yake, moja huisha kabla ya nyingine, na mota moja huzimika angani ingawa hakuna kifaa kilichoharibika. Ni afadhali betri moja ilishe mota zote mbili. Hata hivyo, vidhibiti viwili havipimi umeme kwa usawa kamili, na kimoja kinaweza kukata mapema. Kwa hiyo, vipangwe vipunguze nguvu polepole badala ya kukata ghafla, na mrushaji atumie saa. Hesabu yake ni rahisi. Betri ya ampia 2.2 kwa saa, ikitoa wastani wa ampia 20, huisha baada ya dakika 6.6. Kwa jaribio la kwanza, inatosha ndege itue baada ya dakika nne.

Sita ni kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo ndege husawazika ikiinuliwa kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa. Maelezo ya mtengenezaji yafuatwe. Pasipokuwa na maelezo, kwa bawa lililonyooka huanziwa kati ya asilimia 25 na 30 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Bawa la upana wa milimita 200 litasawazika kwenye milimita 50 hadi 60. Pua ikizidi uzito kidogo, ndege huwa zito wa kutii lakini huongozeka. Mkia ukizidi uzito, ndege hushtuka kwa kila amri, na huenda safari hiyo ikawa ya kwanza na ya mwisho.

Mwisho, masafa ya redio yajaribiwe kwa kufuata maelezo ya rimoti, na kipokezi kipangwe kizime mota zote mbili kikipoteza mawimbi. Rimoti iwashwe kabla ya ndege, na ndege izimwe kabla ya rimoti.

Lugha ya Uwanjani

Jaribio la kwanza halifai kufanywa na mtu mmoja. Mrushaji hukaza macho kwenye ndege. Msaidizi hutazama saa, anga na watu wanaopita. Mawasiliano yao ni sehemu ya usalama, kama vile betri na waya.

Ndege yetu ikienda kwa kilomita 54 kwa saa, hupita mita 15 kila sekunde. Sentensi kama "Nadhani mota ya upande wa kushoto imezimika" huchukua takriban sekunde mbili kuitamka. Muda huo ndege imepita mita 30, na kama ilikuwa ikipaa, huenda imekwisha kulala ubavu. Amri iwe neno moja.

Aidha, neno hilo lisiwe na utata. Tuchunguze neno "kushoto". Ndege inapomwendea mrushaji, kushoto kwake ni kulia kwa mrushaji. Msaidizi akipaza sauti "Kushoto!" anataja upande wa nani? Tena, anaeleza mota iliyozimika au anaamuru ndege igeuzwe upande huo? Neno moja lina tafsiri nne, na tatu kati yazo zinaweza kuiua ndege. Kwa hivyo, wawili hawa wakubaliane mapema kwamba kushoto na kulia ni kwa mtu aliyeketi ndani ya ndege akitazama mbele, na kwamba maneno hayo yatatumiwa kwa maelezo tu, si kwa amri.

Utata mwingine umo katika kitenzi "zima" na kivumishi "-zima". Mota nzima ni ile iliyo salama. Mota iliyozima, kama wengi wetu tusemavyo katika mazungumzo, ni ile iliyoacha kuzunguka. Palipo na upepo na mlio wa rafadha, "kushoto nzima" na "kushoto zima" husikika kwa namna moja, ingawa la kwanza ni habari njema na la pili ni amri ya kuua mota. Darasani jozi hii ni mfano mzuri wa somo la semantiki, lakini uwanjani ni mtego. Tunapendekeza jozi hiyo iepukwe kabisa, na mahali pake yatumiwe maneno "inavuta" na "imekufa".

Kwa dharura, neno letu ni moja: "Punguza!" Halitaji upande, kwa hivyo halimkosei yeyote. Ni sahihi iwe mota iliyokufa ni ya kushoto au ya kulia. Lisemwe na kurudiwa ardhini, rimoti ikiwa mkononi, hadi kidole gumba cha mrushaji kikitii kabla akili haijauliza ni kwa nini.

Siku ya Jaribio

Uchaguliwe uwanja mpana usio na nyumba, nyaya za umeme wala barabara karibu, na saa za asubuhi upepo ukiwa bado umetulia. Nchini Kenya, mwenye ndege azisome kwanza kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani zilizotolewa mwaka wa 2020, na aulize mamlaka husika panapohitajika idhini.

Mwinuko wa mahali nao uzingatiwe. Jijini Nairobi, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Kwa sababu hiyo, bawa lile lile linahitaji mwendo mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 8 ili libebe uzito ule ule. Ndege inayoacha kubebwa ikifika kilomita 30 kwa saa pwani, itaacha kubebwa kwenye kilomita 32 na zaidi bara. Rafadha nazo huvuta kwa uhafifu. Mrushaji aliyezoea pwani asishangae ndege ikikimbia mbali zaidi kabla ya kupaa, na asilazimishe pua ipande.

Ndege ielekezwe upepo unakotoka. Kijiti cha nguvu kipandishwe taratibu kwa sekunde mbili au tatu, masikio yakisikiliza kama mota zote zinaimba kwa sauti moja. Ikipinda kwa ghafla ikiwa bado ardhini, nguvu iondolewe na sababu itafutwe. Hakuna aibu katika kuahirisha. Ikipaa, ipande kwa mteremko mdogo, kwa maana kupanda wima hula mwendo, na mwendo ndio uhai wa usukani.

Ikifika mita 40 au 50, nguvu ipunguzwe hadi nusu na vitufe vya kusawazisha vitumiwe mpaka ndege iende moja kwa moja bila kushikiliwa. Kisha, ikiwa bado juu, nguvu ipunguzwe kabisa na pua iinuliwe polepole ili ionekane bawa linaacha kubeba kwa namna gani: je, pua inashuka kwa upole au bawa moja linaanguka? Ni heri jibu hilo lipatikane juu kuliko lipatikane wakati wa kutua.

Mota Moja Ikifa

Tuseme sasa kwamba ndege inapaa, ipo mita 15 kutoka ardhini, na pua inageuka ghafla kulia. Moyo humwambia mrushaji aongeze nguvu, maana ndege inaonekana kuanguka, na alaze vibao vya mabawa upande wa kushoto kwa nguvu. Mambo yote mawili yana hatari. Kuongeza nguvu huzidisha kupinda. Nacho kibao kinachoteremshwa ili kuliinua bawa la kulia huliongezea mzigo bawa ambalo tayari linakaribia kuacha kubeba.

Utaratibu ufaao ni huu. Kwanza, punguza nguvu hadi kupinda kukome. Pili, shusha pua kidogo ili mwendo urudi. Tatu, nyoosha ndege kwa usukani. Nne, itue mbele yako, palipo wazi, hata kama ni majanini. Usijaribu kuirudisha nyuma ukiwa chini. Ndege ya povu iliyotua kwa tumbo hurekebishwa jioni ile ile, ilhali iliyochimba ardhi kwa pua hurudi nyumbani ndani ya gunia.

Hali hiyo ikitokea ndege ikiwa juu, pana nafasi zaidi. Baada ya kupunguza na kuinyoosha, nguvu ndogo inaweza kurudishwa kadiri usukani unavyoweza kuistahimili, na ndege ikaongozwa nyumbani kwa mizunguko mipana, bila kuigeuza kwa ukali upande wa mota iliyokufa. Lakini mrushaji akumbuke kwamba ndege-mfano haina abiria. Watu walio ardhini ndio wa kulindwa kwanza, na kuipoteza ndege mbali na watu ni bora kuliko kuirejesha juu ya vichwa vyao.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba jaribio la kwanza la ndege ya mota mbili za umeme huamuliwa kwa kiasi kikubwa mezani: katika vidhibiti vilivyofundishwa pamoja, betri iliyohesabiwa, kitovu cha uzito kilichopimwa, na neno lililokubaliwa. Tumeonyesha vilevile kwamba tatizo halikuwa uhaba wa maneno. Rafadha, usukani, kipokezi na betri yote yamo katika matumizi. Palipopungua istilahi tumefafanua kwa maneno ya kawaida, na tunaamini msomaji ametuelewa.

Kilichojitokeza kuwa kigumu zaidi ni kuchagua, miongoni mwa maneno tuliyo nayo, lile ambalo halitaeleweka vibaya katika sekunde moja ya hofu. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na fundi peke yake, wala na mwanaisimu ambaye hajawahi kusimama uwanjani. Tunawahimiza wanafunzi wa Kiswahili wawatembelee wenzao wa uhandisi, wasikilize wanavyoitana na kuamrishana kazini, na wachunguze ni wapi maneno yanawasaliti. Kidole kimoja hakivunji chawa.